Jinsi Mabruki Mfua Mabati Alivyouona Mwisho wa Filamu

Enyi watu wa Kanyenye, na ninyi wa Nzega mlioleta pamba, na ninyi wa Sikonge mlioegesha baiskeli zenye madebe ya asali, tueni mizigo mtege masikio. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho na akatupa subira ya kuyatumia, inasimuliwa hapa habari ya Mabruki bin Shaban, mfua mabati, mtiisha makopo, baba wa koroboi zote zinazowaka kutoka stesheni hadi sokoni. Jinsi alivyoondoka Jumamosi moja, katika miaka ile ya Azimio, baada ya sala ya alasiri, peke yake, pasipo jeshi wala ngoma, akaenda kuuona mwisho wa filamu.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Mwaka uliotangulia, siku ya Saba Saba, mwenye jumba la sinema alitundika shuka kubwa kiwanjani akawaonyesha wananchi filamu ya Kihindi bure, kwa heshima ya Chama. Mji wote ulihudhuria. Ilikuwa habari ya mke kijana aliyesingiziwa wizi na mama mkwe wake akafukuzwa mvuani. Hatimaye akarudi, akapiga magoti mlangoni. Mama mkwe akainua mkono. Na mkono ukiwa juu, jenereta likakohoa, likazima, na giza likaimeza Tabora nzima.

Mkono ule haukushuka tena. Maua, mkewe Mabruki, alisema ulikuwa unakwenda kubariki. Mwanamkuu, dada yake Mabruki, aliyeishi nao ua mmoja tangu afiwe na mumewe, alisema ulikuwa unakwenda kupiga kofi, na kwamba wako wake za watu wanaostahili. Maua akauliza ni wake za watu gani hao. Tangu hapo mawifi wale waliugawa ua kama watemi wawili: jiko la mashariki, jiko la magharibi, na katikati kinu kilichosimama kikavu bila wa kukitwangia.

Na mateka wa vita hivyo alikuwa Mabruki. Kila jioni aliletewa sinia mbili za ugali, na kila sinia ilikuwa na macho ya kuilinda. Kubakisha tonge la mke kulikuwa kumtukana mke. Kubakisha tonge la dada kulikuwa kuikana damu yake. Basi akala. Akala yote, mwezi kwa mwezi, mpaka mkanda wake ukahitaji tundu jipya, na kila akisujudu alimwomba Mola amnyanyue, maana kunyanyuka mwenyewe kulikuwa kazi.

Ndipo bango likabandikwa ukutani pa jumba la sinema: filamu ile ile imerudi. Safari hii si bure.

Habari ikafika barazani kwa Abasi, mshona kofia, na wazee wakalijadili jambo lile kwa uzito unaostahili mambo ya dola. Tiketi ilikuwa bei ya nyama ya Ijumaa. Abasi alisema nyama angalau unabaki nayo kwenye meno. Kisha akasimama Raymundi, balozi wa nyumba kumi, mlinzi wa maadili, mkono mmoja mfukoni kama viongozi kwenye picha.

"Ndugu wananchi," akasema, "sinema ni nini? Ni mwanga juu ya ukuta. Ukizimwa, umebaki na nini? Jembe ukilinunua, utalima nalo. Kuku ukimnunua, atataga. Lakini mtu anayelipa fedha halali ili aone watu wakiimba mvuani, wakati shamba la kijiji linangoja mikono, huyo bado kasumba haijamtoka."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Mabruki akainuka taratibu, kwa sababu ya tumbo.

"Ndugu balozi, maneno yako nimeyasikia na sina ubishi nayo. Nakuuliza moja tu. Kwako, jioni, unaletewa sinia ngapi?"

Raymundi akajibu kwamba moja.

"Basi wewe jenga taifa. Mimi kwanza nijenge ua wangu."

Akaondoka. Nyumbani hakuaga, alisema anatoka kidogo. Akaishika barabara ile ile ambayo babu zake waliipita na pembe mabegani wakielekea pwani. Wao waliogopa simba na kiu. Yeye aliogopa kukutana na Maua akitoka sokoni. Wao walitoa hongo kwa kila mtemi waliyempita. Naye akafika kwenye kidirisha cha jumba, akaitoa nyama ya Ijumaa yote, akapewa kipande cha karatasi, akaingia.

Ndani mlikuwa na joto, moshi wa sigara, na kunguni wa zamani wasiojua kwamba uhuru umepatikana. Mabruki akaketi kwenye benchi, akavumilia nyimbo, akavumilia mvua, akavumilia kisa cha wizi alichokijua kwa moyo. Saa ya saa ikawadia. Mke akapiga magoti. Mama mkwe akainua mkono. Na hapo hapo, mbele ya Mabruki, mtu mwenye pama pana kama ungo akajinyoosha kitini, na pama likaufunika mkono.

Majemadari wengine wangelia. Mabruki alisimama, akainama sikioni pa adui.

"Ewe mwenye pama," akasema, "nimekula ugali wa mwaka mzima kwa ajili ya mkono ule. Livue, ama nitakuvua mimi."

Adui akageuka. Alikuwa Raymundi.

Wakatazamana.

"Ndugu Mabruki," akanong'ona, "nimekuja kukagua."

"Kagua kichwa wazi."

Pama likashuka, na mkono ukashuka. Ukashuka kwa kofi lililovuma jumba zima. Kisha mkono ule ule ukamvuta mke yule kifuani, na mama mkwe akalia kama mtoto. Mabruki naye akalia. Kofi lilikuwapo, na baraka ilikuwapo. Maua na Mwanamkuu wote wawili walikuwa na haki. Alikuwa ameubeba mkataba ambao hauna mshindwa.

Akarudi mbio kadiri tumbo lilivyomruhusu. Lakini maneno ya barazani yalikuwa yametangulia. Alipoingia uani akawakuta Maua na Mwanamkuu mkeka mmoja, bega kwa bega.

"Umekwenda peke yako," alisema Maua.

"Peke yake, wifi," alisema Mwanamkuu. "Mwaka mzima tunaugombania mkono ule, yeye anakwenda kuutazama kama mali ya baba yake."

"Sikilizeni," akasema Mabruki, "mkono ule..."

"Thubutu," wakasema kwa pamoja. Maua akaongeza kwamba filamu wataiona wenyewe kesho, na Mwanamkuu akaongeza kwamba wanataka viti vya juu, vya kuegemea, na Mabruki atawasindikiza maana ndiye anayelipa.

Kisha wakamletea ugali. Sinia moja, kutoka jiko moja. Wakaketi kando wakimsema, wakipokezana, bila jicho hata moja la kuilinda sinia.

Basi wanaouliza kama sinema inafaa gharama yake wasimuulize Mabruki kabla hajazilipa tiketi za kesho. Lakini vizazi na vijue, na Mungu ni shahidi, kwamba Jumamosi ile, mjini Tabora, katika nchi huru, Mabruki bin Shaban alikula akashiba, akanawa mkono, akabakisha tonge.