Barua ya Mgagani

Ilitangazwa kwa waraka wenye mihuri mitatu kwamba Idara ya Bustani na Mandhari, Mwanza, imeingia rasmi katika zama za kusoma. Klabu ya Vitabu vya Maumbile ilikuwa imezaliwa. Ilikuwa na mwenyekiti, makamu, wajumbe kumi, kamati ndogo ya viti, na kitabu kimoja.

Kitabu kilifundisha namna ya kupanda mimea ya asili ili ndege na vipepeo wapate makao. Kwa kuwa kilikuwa kizuri mno kushikwashikwa, Mwenyekiti, Bwana Ndalahwa, ambaye ndiye pia Mkurugenzi, alikifungia kwenye kabati la chuma na ufunguo akautia mfukoni. Wanachama wakajadili jalada. Walilijadili vizuri sana, wiki mbili mfululizo.

Mama Amondi, mhudumu wa chai, aliyasikia yote birika likiwa mkononi. Nyuma ya ofisi, ndani ya uzio wa minyaa, alikuwa na kishamba cha mgagani na mnavu. Tangu mishahara ianze kuja kwa kusuasua, mboga ya wanawe wanne huko Mabatini ilitoka hapo, na siku nyingine mboga ndiyo ilikuwa chakula chote.

Kishamba hicho hicho Bwana Ndalahwa alikuwa amekipigia hesabu. Miaka hiyo ya tisini biashara ilikuwa ruksa, na mkubwa asiye na kontena la duka alionekana zezeta. Lake, la bluu, lilishafika likawekwa kando ya minyaa "kwa muda". Kilichobaki ni kufyeka.

Mkutano wa tatu alisimama Nestory, katibu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amesoma hadi ukurasa wa tisa kabla kabati halijafungwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kitabu kinasema mimea ya asili ni ile iliyokuwepo bila kuletwa na mtu."

"Kama mgagani wangu," Amondi akajikuta anasema huku akimimina chai. "Vipepeo wanajaa pale, na kwenye minyaa kuna viota."

Wajumbe walitazamana. Ndalahwa alikohoa kikohozi cha kiserikali.

"Mama, asili haidaiwi kwa mdomo. Kila mtu anaweza kusema mimi ni wa hapa. Ushahidi uko wapi?"

Akatunga azimio papo hapo, akalisaini: chochote kilichosimama katika uwanja wa Idara kilete, ndani ya siku kumi na nne, barua ya mjumbe wa nyumba kumi kuthibitisha asili yake, kisicho na barua kiondolewe kwa greda. Makofi yakapigwa. Hata pasipoti huanzia kwa mjumbe, sasa mgagani ni nani hata uruke hatua?

"Mgagani utapataje barua, mzee?" Amondi aliuliza.

"Utaratibu ni utaratibu, mama," alijibu Ndalahwa akitabasamu, maana hakuwahi kusikia jani lililokwenda kwa mjumbe.

Amondi alitoka na birika tupu. Alichuma fungu la mgagani, akashuka nalo hadi kwa Mzee Shimba, mjumbe wa eneo lile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Leo umeleta mboga au shida?"

"Vyote."

Mzee Shimba alisikiliza bila kucheka. Alishaandikia wezi, wachumba, na ng'ombe mmoja aliyekuwa akihamia Magu. Akavaa miwani.

"Anaishi wapi?"

"Nyuma ya ofisi."

"Tangu lini?"

"Kabla ya ofisi."

"Ana kesi?"

"Hana."

Akaandika: *Mgagani, pamoja na mnavu na minyaa, ni wakazi wangu. Nawafahamu tangu utoto wao. Wapewe ushirikiano.* Akagonga muhuri.

Siku ya kumi na nne greda likaja. Ndalahwa mwenyewe ndiye aliyeliagiza, kisha akaenda Kisesa kufungua semina ya usomaji. Otuoma, dereva wa greda, aliomba asomewe azimio, na Nestory akamsomea neno kwa neno. Amondi akainua barua yake.

"Hawa wana barua," akasema Otuoma. "Na hili la bluu?"

Nestory alipekua faili taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Halina."

"Si wamesema chochote?"

"Wamesema chochote."

Greda likalisukuma kontena nje ya geti na kulilaza ubavu mtaroni.

Ndalahwa aliporudi saa sita alipiga kelele mpaka tai ikamlegea. Nestory akamwonyesha saini yake. Basi Mkurugenzi akakimbia, kwa miguu, hadi kwa Mzee Shimba.

"Niandikie ya kontena, mzee! Tarehe irudishe nyuma."

"Mgagani nimeula miaka ishirini," akasema Mzee Shimba. "Hilo kontena sijui hata wazazi wake."

"Basi niandikie mimi mwenye nalo! Si unanijua? Mkurugenzi!"

"Wewe unakaa kule mlimani. Kikao chetu hata kimoja hujakanyaga. Sikufahamu."

Alirudi uwanjani mikono mitupu, akasimama katikati akihema. Wajumbe wa klabu walichungulia madirishani. Otuoma, aliyekuwa bado juu ya greda, injini ikinguruma, aliinama kwa heshima zote.

"Samahani, mzee. Na wewe umesimama hapo. Barua unayo?"

Ndalahwa alilitazama greda, akautazama mgagani, akakaa chini. Amondi akamletea chai.