Mpango Mkakati wa Kufahamiana na Mawakili wa Ghorofa ya Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao, ambaye kwa sababu zisizozuilika leo ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Katibu wa Kikao, ambaye amekwenda kuazima kipaza sauti kwa madaktari wa meno wa ghorofa ya pili. Dada wa mapokezi, mlango na sura ya ofisi yetu. Waheshimiwa mawakili mliopo, msiopo na mlio njiani. Ndugu wanagenzi wa kampuni hii tukufu ya sheria. Na wote nisiowataja, jitajeni wenyewe kimoyomoyo. (Makofi. Mtu wa nyuma anauliza kama chai italetwa.)

Nasimama hapa nikiwa Mratibu Mkuu, Msimamizi Mkuu na Mtathmini Mkuu wa Mpango Mkakati wa Kufahamiana na Mawakili, ili kuufunga rasmi baada ya miezi mitatu ya utekelezaji uliotukuka. Itakumbukwa kwamba hapo mwanzo mwanagenzi alikuwa anakuja asubuhi, anatoboa karatasi, anazipanga kwenye mafaili, na jioni anarudi kwao bila kujulikana hata na kiti alichokalia. Nikasema hapana, kazi ya sheria si vitabu, ni watu. Anayejulikana huitwa hata akiwa amelala, na asiyejulikana hupiga hodi mpaka vidole vikaota sugu. Ndipo nikabuni, nikaasisi, nikazindua na kujipongeza kwa mfumo wa netiwekingi shirikishi, wenye kanuni moja nyepesi: ukimwona mtu mwenye koti, msalimie, jitambulishe, msifie. (Makofi. "Tulisifia mpaka maneno yakatuishia," anasema kijana mwenye tai ya mistari.)

Takwimu zinajieleza zenyewe. Salamu zimepanda kwa asilimia mia tatu. Tabasamu za kwenye lifti zimepanda kwa asilimia sabini, isipokuwa siku ile lifti ilipokwama, ambapo zilishuka kwa muda. Kupeana mikono kumezidi idadi ya mikono iliyopo, na wataalamu bado wanalichunguza suala hilo.

Sasa niingie kwenye kiini, yaani nafasi ya kazi. Nafasi ni moja, na kwa mujibu wa mwongozo nilioutunga, itakwenda kwa mwanagenzi ambaye wakili atainuka hapa mbele ya kadamnasi na kusema, "Huyu namfahamu." Ninatambua kwamba binti wa mstari wa mbele, aliyevaa koti la kaka yake, ameaga nyumbani kwamba leo harudi bila kazi, na mama yake ameshawatangazia majirani. Binti, tulia. Mpango huu haujawahi kumwangusha mtu. ("Nimetulia, mzee. Anza na mimi tu.")

Simama basi utuonyeshe wakili wako. (Binti anamwonyesha bwana mnene wa miwani aliyekaa karibu na dirisha.) Chaguo la busara. Niliwaona kwa macho yangu mwenyewe kwenye mashine ya fotokopi, akikusikiliza kichwa kimeinama kama jaji. Mheshimiwa, neno lako. (Bwana wa miwani anainuka taratibu. "Dada yangu, nisamehe. Mimi ni mwanagenzi. Nilidhani wakili ni wewe, ndiyo maana nikakubebea mafaili." "Na ule ushauri wako juu ya kesi ya mpangaji?" "Nilikuwa nakubaliana na wewe tu, bosi." Vicheko.)

Utulivu, waheshimiwa. Hiyo ni changamoto ya mpito, na tumeiwekea mkakati. Tuhamie kwa kijana wa tai. ("Mwanagenzi, mzee.") Na mama yetu wa koti jeusi, ambaye ofisi nzima tunamwita Msomi? ("Mwanagenzi, mwanangu. Mlianza kuniita hivyo siku ya kwanza, nikaona kukataa si adabu.") Basi mawakili wote wanyooshe mikono. (Hakuna mkono unaoinuka. Birika la umeme linachemka pembeni, linajizima.) Na wasio mawakili? (Mikono yote.) Ahsanteni. Ushiriki wa asilimia mia moja haujapata kufikiwa na mpango wowote.

("Mzee," anasema binti, bado amesimama, "mawakili wako wapi?") Swali la kina, na dada wa mapokezi atalijibu kwa niaba ya menejimenti. ("Walihamia jengo la ng'ambo ya barabara kabla hamjaja. Mimi nilijua ninyi ndio mawakili wapya.") Mmesikia wenyewe: mawakili wapo, ni umbali tu ndio umeongezeka.

Tuseme basi kaulimbiu yetu. Kufahamiana. ("Ni mtaji," wanajibu wachache.) Kufahamiana. (Bwana wa miwani peke yake: "Ni mtaji.") Inatosha.

Kwa kumalizia, nawashukuru mawakili kwa ushirikiano ambao wangetupatia kama wangejua tupo. Naushukuru uongozi kwa idhini ya mpango huu, ambayo nitaiomba pindi nitakapokutana na kiongozi yeyote. Na ile nafasi ya kazi naishukuru kwa kutupa matumaini, maana niliisikia watu wakiitaja kwenye lifti. ("Sasa wewe ni mratibu wa nani?" binti anauliza, akichukua mkoba wake.) Binti, mimi nilikuja kuanza uanagenzi siku moja kabla yenu. Asubuhi yake mkaingia, mkanipa shikamoo kwa foleni, nikaona nisiwavunje moyo. (Binti ameshafika mlangoni. Viti vinasogezwa, wengine wanamfuata.) Nendeni salama, waheshimiwa. Na wewe binti, ukiwakuta huko ng'ambo, waambie unanifahamu.