Klorini Sodidi

Jumatatu, 3 Juni
Miaka ishirini na sita nimeficha karatasi moja. Sasa iko chini ya godoro hili. Ni jaribio la kemia la mwanafunzi wangu, la alama tano. Nilimpa sifuri, akarudia mwaka. Leo ndiye muuguzi anayenitafutia mshipa kila asubuhi.

Siku zangu zinahesabika. Nataka anisamehe. Bila kuungama, ikiwezekana.

Jumanne, 4 Juni
Chupa ya dripu inaning'inia juu yangu. Imeandikwa: sodiamu kloridi. Nimemwomba binti yangu aigeuzie ukutani. Muuguzi akaigeuza tena. Dawa lazima isomeke, Mwalimu. Akatabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumatano, 5 Juni
Siku ile nilifundisha kinyume. Nilisema klorini humpa sodiamu elektroni, ndipo wakashikana. Mtoaji hubaki na jina lake, mpokeaji hubadilishwa mkia wa jina, ukawa -idi. Basi chumvi ya jikoni nikaiandika ubaoni: klorini sodidi. Yeye akanyoosha mkono. Samahani Mwalimu, mtoaji ni sodiamu. Darasa zima kicheko. Hadi nastaafu niliitwa Mzee Sodidi.

Kwenye jaribio aliandika sodiamu kloridi. Nikamchorea yai.

Alhamisi, 6 Juni
Hila. Kalamu nyekundu. Nimeongeza moja mbele ya sifuri. Kazi safi. Nikampa, nikidai nilisahau kumrudishia. Akaisoma taratibu. Akauliza, Mwalimu, kumi kwa tano? Nikasema alikuwa bora kupita kiasi. Binti yangu alitoka kwenda kucheka. Nilimsikia.

Ijumaa, 7 Juni
Muuguzi amevuta kiti. Mwaka aliorudia, wenzake wapya walimwita Bibi. Anataka kujua jambo moja tu: nilijua, au sikujua? Nikajifanya nimelala. Akasema kope zinacheza, Mwalimu.

Nikasema. Nilifungua kitabu stoo, wakati wa mapumziko. Nikaona yuko sahihi. Kisha nikaenda kusahihisha.

Akaniwekea mto vizuri. Akasema, basi, yameisha.

Jumamosi, 8 Juni
Moyo mwepesi kama unyoya. Sitamwonea mtu tena.

Saa nne muuguzi ameandika vidonge vipya kwenye chati: potasiamu kloridi. Binti yangu alikuwa pembeni, bado ananicheka kwa ile kumi kwa tano. Nikamwambia muuguzi jina amekosea, mkia si huo. Akasita. Akaenda kumuuliza daktari, akitembea korido nzima.

Hakukosea. Nilijua.