Tembo wa Magunia wa Mikwajuni

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Leo nimefungua ofisi. Same nzima imejua! Ofisi yenyewe ni nusu ya kibanda cha mke wangu Justa, ule upande usio wa maandazi, lakini kibao ni kipana kuliko kibanda: ZEBEDAYO, MSHAURI WA MIRADI. Tangu shamba la mkonge linipunguze kazini nimekuwa nikisema mwenye kichwa hafi njaa. Sasa ni soko huria. Wengine wanauza mitumba. Mimi nauza akili.

Na mteja ninaye tayari. Mwalimu Veneranda, mwalimu mkuu wa Mikwajuni, kule chini ya Maore, ukingoni mwa pori. Mwezi uliopita tembo aliingia shuleni mchana kweupe akaangusha ukuta wa darasa la kwanza, watoto wamo ndani. Hakuumia mtu, Mungu mkubwa. Lakini tangu hapo wanasomea kwenye baraza ya kanisa, sufuria likianguka wote mbio. Wengi wameacha kuja kabisa. Katoto kamoja, Sharifa, hakajatamka neno mpaka leo.

Redio imetangaza kwamba serikali ina fungu la kulinda shule na kutuliza roho za watoto waliopatwa na mshtuko. Uzio, na mwalimu wa ushauri nasaha. Mwalimu Veneranda anasema wazazi wamechoka. Wasipoona kitu mwezi huu, hakuna atakayemleta mtoto, na darasa la kwanza litafungwa. Nimemwambia alale usingizi. Jambo limefika kwa Zebedayo.

Jumatano, 7 Septemba

Nimekwenda bomani na suti. Jua la Same na suti, hayo mambo yanataka mwanaume!

Nimeambiwa fungu ni dogo, shule moja tu wilaya nzima. Bwana Abdulrahmani anatoka mkoani Jumatano ijayo, aone kwa macho yake. Shule yenye hali mbaya kuliko zote ndiyo itakayopata. Nikasema moyoni, hapo umefika nyumbani.

Kugeuka, nani? Hezroni! Shemeji yangu, mdogo wake Justa, huyu wa mashine ya fotokopi anayejiona wizara. Naye eti anashauri shule moja ya huko milimani, iliyo pembeni mwa genge, mporomoko wa mawe ambapo mtoto akiteleza ameenda. Genge! Nikamwambia mbele za watu kwamba genge halitembei, tembo anatembea. Watu walicheka. Yeye alitabasamu tu. Sipendi mtu anayetabasamu akishindwa.

Ijumaa, 9 Septemba

Mikwajuni. Nimeshtuka. Nimegonga debe kwa makusudi, kupima hali. Watoto watatu hawakukimbia! Mmoja alipiga miayo!

Hofu inapungua, na mgeni hajafika. Ikiendelea hivi, Jumatano watakuwa wazima kabisa, na fungu litapanda genge la Hezroni. Hofu yataka kutunzwa.

Jumamosi, 10 Septemba

Sabato. Sikufanya kazi, nilifikiri tu. Kufikiri si kazi. Mchungaji alipofika katikati ya mahubiri, mpango ulikuwa umekamilika. Nikasema "Amina!" kwa nguvu, pasipo mahali pake.

Jumatatu, 12 Septemba

Jana nilishona tembo. Magunia ya katani, mkonga wa mpira wa baiskeli, masikio ya ungo wa Justa (hajajua bado). Mimi ndani. Tembo hasa! Nia yangu ni Jumatano nitokeze kichakani, watoto watawanyike, Bwana Abdulrahmani aone mshtuko kwa macho yake. Leo ilikuwa majaribio.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Mayowe! Nikasogea huku nanguruma. Mwalimu Veneranda akanyakua ufagio. Ndipo Sharifa, badala ya kukimbia, akainama, akanitazama chini, akauliza mbona tembo kavaa raba.

Katoto kasikosema! Halafu darasa zima likaangua kicheko. Wakanivamia, wakanivuta mkonga, wawili wakanipanda mgongoni. Sharifa akawa anaamuru: tembo kaa, tembo simama, tembo omba msamaha kwa kuvunja ukuta. Nikaomba. Ningefanyaje?

Mwalimu Veneranda alilia kwa furaha. Mimi pia nililia, ila kwa sababu za kikazi.

Hata hivyo sijakata tamaa. Ukuta bado uko chini, na uwanja uko wazi kwa pori zima. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Majaliwa. Nikamwamkia vizuri, nikamwambia mgeni wa serikali anakuja kutazama ubovu wa shule yao, basi awaite watu wote kesho niwafundishe namna ya kusimama kwa huzuni. Alisikiliza kwa makini. Akasema watu atawaita.

Jumanne, 13 Septemba

Alfajiri baragumu likalia. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo! Nikatoka kifua mbele kwenda kufundisha huzuni.

Loo! Watu wamekuja na majembe, sururu, mapanga, mawe kichwani. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima! Wanaume, wanawake, wazee, hata wale ambao hawajasalimiana tangu kesi ya mfereji. Mzee Majaliwa hakuwaambia habari ya huzuni hata kidogo. Amewaambia mgeni anakuja kuona ubovu wa shule yao, basi, inatosha. Mama mmoja alikuwa amewaka: mgeni aje akute ukuta chini, aende akaseme huku hakuna watu?

Nikapanda juu ya jiwe kuwasihi waache. Wakaniomba nishuke, jiwe linahitajika.

Nikajaribu kuondoka. Mzee Majaliwa akanikumbusha taratibu kwamba asiyeshiriki msaragambo hutozwa faini, na mgeni hana msamaha. Nikapewa sururu. Nimechimba tangu asubuhi hadi jua linazama, na suti. Ukuta umesimama. Upande wa pori kuna handaki refu, limejengewa mawe kama yale ya mitaro ya mababu.

Nakiri jambo moja. Kipande changu cha handaki ndicho kilichonyooka kuliko vyote.

Jumatano, 14 Septemba

Bwana Abdulrahmani amefika. Watoto wamejaa darasani, hata walioacha. Wanaimba! Sharifa sauti ya juu kuliko wote. Mgeni akazunguka akitikisa kichwa kwa furaha, akasema hii ni shule ya mfano.

Nikamvuta pembeni. Nikamweleza kwamba hofu ya kweli imejificha ndani, haionekani. Akaniambia yeye haioni. Basi nikakimbilia kichakani, nikavaa tembo. Nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja.

Nikatoka mbio, nanguruma. Magunia hayana madirisha mazuri. Nikatumbukia handakini.

Watoto walishangilia kama Simba imefunga. Bwana Abdulrahmani alisogea ukingoni, akanitazama nilivyolala chali, akasema handaki linafanya kazi. Sikuweza kupanda. Tembo halisi pia hataweza. Na nani amelithibitisha? Mimi!

Ijumaa, 16 Septemba

Fungu limekwenda kwa Hezroni. Genge! Kaniletea soda mwenyewe ofisini, akitabasamu. Nimeinywa, ili isiharibike.

Mwalimu Veneranda naye kaja, na jogoo. Amesema darasa la kwanza halifungwi, wazazi wamewarudisha watoto wote, na Sharifa sasa hanyamazi hata akiombwa. Alinishika mikono miwili. Aliniita Mshauri, mbele ya Hezroni! Nilijivuna, sitaficha. Kisha nikakumbuka kwamba nimeshindwa.

Justa kaniuliza, kama ukuta upo na watoto wamepona, mimi nasikitika nini. Hana elimu ya miradi. Na bado anaulizia ungo.

Jumapili, 18 Septemba

Habari kubwa! Sifa zimefika hadi Mwanga. Shule moja upande wa Kileo, maji ya mvua yaliingia madarasani, watoto wakiona wingu tu wanapanda juu ya madawati. Mwalimu wao mkuu amesikia habari za Mikwajuni, anataka mimi, si mwingine. Fungu la wilaya yao bado lipo. Naondoka kesho.

Makosa yangu nimeyachunguza kwa kina na yote nimeyarekebisha. Baragumu nitalificha siku ya kwanza. Raba nitavua. Na safari hii nitasimamia mwenyewe, usiku na mchana, asipone mtoto hata mmoja kabla mkaguzi hajafika.