Jinsi Shati Langu Lilivyoidanganya Kamera

Leo nimepepea jiko kwa kifaa cha watu wa video. Naanza na hilo ili msije mkasema nilificha. Nyinyi wa dawati la nyuma, mkipokezana karatasi hii chini ya meza, chekeni kwa pua tu. Mwalimu asisikie.

Ilikuwa hivi. Kwaya ya kina mama wa kanisa letu hapa Umoja iliita kampuni ya video. Video, jamani! Si zile picha za studio za kukalishwa kwenye stuli mbele ya pazia lililochorwa maua. Kanda itaonyeshwa Jumapili ijayo kwenye harambee ya kujenga kanisa, mbele ya wageni wote. Na mama yangu ndiye aliyejitolea kufua majoho ya kwaya. Majoho hayo yalikuwa yamezeeka mpaka yakawa manjano kama meno ya mvuta sigara. Mara ya mwisho walipokwenda kuimba kanisa la jirani, mtu aliuliza kwa sauti kama hiyo ndiyo rangi waliyoichagua. Mama alirudi nyumbani hakula. Kwa hiyo safari hii alisimama mbele ya kwaya nzima akasema, "Yasipotoka meupe, msiniite Mama Wafula tena." (Wafula ni mimi. Hata mimi ningefutwa kazi.)

Akafua. Majoho yote na shati langu la shule, beseni moja, na buluu ya kufulia akaitia bila huruma. Maji yakawa kama wino. Lakini vilipokauka kwenye kamba, maze! Ukivitazama juani unatokwa na machozi.

Leo asubuhi gari la kampuni likafika. Hapo nikasahau hata jina langu. Ni watu wawili tu: mkubwa wao, Bwana Mutiso, na msaidizi wake, Kioko. Hawapigi kelele, hawakimbii. Maboksi ya bati yalifunguliwa, na ndani kila kitu kimelala kwenye sponji iliyokatwa kwa umbo lake, kama mtoto ndani ya mbeleko. Kamera hubebwa begani, na waya mnene hutoka hapo kwenda kwenye mashine ya kanda ambayo Kioko huivaa ubavuni kama mkoba. Kioko akiunyoosha waya ule, hakuna fundo hata moja. (Kwetu hata kamba za viatu zina mafundo ya urithi.) Bwana Mutiso aliingia kanisani, akapiga kofi moja, akasikiliza, akasema, "Tutarekodia nje. Humu bati litaturudishia sauti." Alijua kwa kofi! Nikaamua papo hapo kuwa udaktari nimeuacha. (Sawa, udaktari uliniacha kwanza.)

"Wafula!" Huyo ni Mama. "Wapikie wageni chai, acha kutoa macho!"

Makaa yalikuwa na unyevu. Kipande changu cha kupepea hakionekani. Juu ya boksi moja la bati nikaona kadi kubwa nyeupe, ngumu, ndani ya mfuko wa nailoni. Nikadhani ni ile kadibodi inayokuja ndani ya shati jipya. Nikaitoa. Wee! Hata upepo wake ulikuwa wa kitaalamu. Jiko liliitika mara moja. Chai ilipochemka nikaona si vibaya kuitua sufuria juu ya kadi hiyo.

Ndipo nikasikia, "Kioko, kadi nyeupe iko wapi?"

"Niliiweka juu ya boksi, bwana."

"Haipo."

"Kwani ni ya nini?" nikauliza, kwa sauti ya malaika. Kadi nilikuwa nimeshaichomeka mgongoni, ndani ya mshipi wa suruali.

Bwana Mutiso hakunifukuza. Alinieleza kana kwamba mimi ni mtu. "Kamera haijui rangi mpaka uionyeshe nyeupe. Ukiiambia 'nyeupe ndiyo hii', rangi nyingine inazipanga yenyewe kuanzia hapo. Na mimi kwenye kitundu hiki naona picha isiyo na rangi, kwa hiyo nikikosea siwezi kujua."

Jasho likanitoka. "Si nyeupe yoyote tu? Tumia shati langu!"

Akanitazama. Shati lilikuwa linawaka.

"Nimelifua mimi," Mama akasema kutoka mbali, shingo ndefu.

"Haya. Simama hapo juani. Usipumue."

Kifua changu kikawa kipimo cha rangi zote za dunia. Alibonyeza kitufe, akasema "Sawa," akageuza kichwa tu, kamera bado begani, kuwapanga kina mama. Nami nikageuka nikaenda zangu, nikatupa ile kadi nyuma ya choo. (Akili, wanangu. Akili.)

Wakaimba. Lakini mimi niliwatazama watu wa video tu. Bwana Mutiso alitembea kinyumenyume, jicho kwenye kamera, na Kioko amemshika mshipi akimwongoza kati ya mawe. Hawakujikwaa hata mara moja. Mara Kioko, mwenye vipokea sauti masikioni, akainua kidole. Wote kimya. Tulikaa, tukakaa, ndipo ndege ikapita juu. Yeye aliisikia ikiwa bado kwao!

Walipomaliza, waliingiza televisheni ya rangi kanisani ili kina mama wajione. Watu wakajaa. Mchungaji mbele kabisa, mimi pembeni yake, maana niliipika chai.

Picha ya kwanza: kifua changu. Kumbe kanda huachwa izunguke kidogo kabla ya kazi, ili itulie! Vifungo vyangu vilikuwa vikubwa kama sahani. "Usipumue," ikasema televisheni. Watu wakacheka. Nikawapungia mkono kama waziri.

Kisha yule Wafula wa kwenye televisheni akageuka.

Mgongoni, kadi. Katikati ya kadi, duara jeusi la sufuria. Pembeni, majani ya chai yamenata.

"Hiyo," Bwana Mutiso akasema polepole, "ni kadi yangu."

Kabla sijauona mlango, kwaya ikatokea. Mungu wangu! Nyuso zote rangi ya chungwa. Nyasi zimekauka kama za kiangazi. Mchungaji alipita kwa nyuma kama karoti iliyovaa kola. Mchungaji mwenyewe, pale kitini, akaanza kukagua mikono yake.

Lakini majoho? Meupe pe! Kama maziwa.

Bwana Mutiso akachuchumaa mbele ya televisheni. Akatazama majoho. Akanivuta, akatazama shati. "Mama, ulitia buluu?"

"Nyingi," Mama akasema kwa fahari.

Bwana Mutiso alicheka mpaka akashika ukuta. "Jicho la mtu likiona buluu kidogo husema nyeupe. Kamera nimeiambia buluu ndiyo nyeupe, ikatii. Wengine wote ikawapaka manjano." Kisha akawageukia watu. "Kosa ni langu. Kadi hukaa mkononi mwa mwenye kazi, si juu ya boksi." Alisema hivyo mbele ya kanisa zima! Nilitamani anichukue awe baba yangu. "Na msiogope. Ofisini tuna mashine ya kurekebisha rangi. Nyuso zitarudi. Ila," akakuna kidevu, "zikirudi, majoho yatatoka ya buluu."

"Rudisha nyuso, bwana," akalia Mama Akinyi, mwenyekiti wa kwaya. "Mimi nimekuwa papai!"

Wote wakamgeukia Mama. Mimi nilikuwa nimeshaliandaa shavu. Lakini hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama televisheni, yale majoho yakiyumba kulia, yakiyumba kushoto. Akasema:

"Mama Akinyi, uso wako Umoja nzima wanaujua. Majoho yasiguswe."