Vyama Navyo Vifungiwe Kabatini

Barabara ya Kinu cha Kale,
Kaunti ya Tannerfeld, Pennsylvania.
Wiki ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani.

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Tannerfeld,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kahawa yako ikiwa bado ya moto. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Nimelelewa kwa lugha mbili, Kiingereza cha baba na Kihispania cha mama, na nakiri kwamba ninanyamaza kwa ufasaha katika zote mbili. Mwalimu akiniuliza swali, hata masikio hunitoka jasho. Kwa hiyo naandika, maana karatasi hainikodolei macho.

Shida yangu ni hii. Mwaka huu nimepata leseni yangu ya kwanza ya kuwinda kulungu. Katika ukoo wetu wa Zerbe, anayewinda kwa mara ya kwanza huketi kwenye gogo moja kule kambini mlimani, babu yake kulia na baba yake kushoto, wote wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa kama maboga matatu. Nimelisubiri gogo hilo tangu nikiwa mdogo. Sasa Babu Harlan ni mwanachama wa Shirikisho la Wenye Bunduki, na Baba ni mwanachama wa chama kiitwacho Hakuna Hata Inchi. Vyama vyote viwili vinatetea haki ya raia kumiliki bunduki. Vinaitetea kwa ukali ule ule, dhidi ya watu wale wale. Ndiyo sababu Babu na Baba hawasemezani tangu msimu uliopita.

Kila mmoja ameapa kwamba ataketi kwenye gogo na mwanachama mwenzake tu. Nikijiunga na Shirikisho, nampoteza Baba. Nikijiunga na Hakuna Hata Inchi, nampoteza Babu. Nisipojiunga popote, nitaketi na kulungu.

Kwa heshima zote, naomba kuorodhesha malalamiko yangu.

1. Vyama hivi havinipi nafasi ya kufikiri. Kila wiki Shirikisho linaniandikia kwamba haki yangu itakufa ifikapo Ijumaa. Ijumaa ikifika, haki yangu inaamka salama, inakunywa chai. Hakuna Hata Inchi nao wanaandika kwamba haki imeshakufa, na aliyeiua ni Shirikisho. Mtu mwenye haya hawezi kwenda matangani kila wiki.

2. Zawadi zao zinagombanisha. Shirikisho linampa mwanachama mpya kofia. Wenzao wanatoa kisu cha kukunja. Babu aliniwekea kofia kichwani akasema, "Mjukuu wangu, hii utaivaa mpaka uzeeni." Baba akaitazama akacheka puani: "Kofia! Wamekuuzia haki yako kwa kofia." Babu akaniambia mimi, huku akimtazama Baba, "Mwambie baba yako, mwenye kichwa ndiye hupewa kofia. Asiye nacho hupewa kisu."

3. Lalamiko hili linatokana na hilo la pili. Kwa kuwa hawasemezani, nimegeuzwa redio. Jumapili iliyopita tulikula nyama ya nguruwe na kabichi chachu kwa Bibi Verna. Niliuliza, kwa sauti ambayo kijiko kingeweza kuizima, tofauti ya vyama hivi ni nini hasa.

"Sisi tunazungumza na wabunge," akasema Babu.

"Mwambie babu yako tunajua. Wanazungumza nao mpaka wabunge wanashiba."

"Mwambie baba yako wao wanapiga kelele mpaka kulungu wanahama jimbo."

"Mwambie babu yako..."

"Mwambieni mtoto ale!" akasema Bibi Verna, akagonga meza kwa upawa. "Kabichi inapoa, na ninyi wawili mnaketi magoti yakigusana!"

Mama, ambaye huona mbali, aliniambia kwa Kihispania kwamba hao si wagomvi wa siasa, ni wanaume wawili wanaoona aibu. Sikumwelewa siku hiyo.

4. Hakuna pa kukimbilia. Jirani yetu, Bwana Kreamer, aliudhiwa na vyama vyote viwili, akajitoa, akaanzisha chake. Mwanachama ni yeye peke yake. Mkewe anasema hata hicho kimeshagawanyika.

Ndugu Mhariri, tafadhali usinielewe vibaya. Sina ugomvi na bunduki. Bunduki za kwetu zina adabu. Zinakaa katika kabati la chuma, zimefungwa, risasi ziko mbali, na hakuna hata moja iliyowahi kuniambia nimwambie nyingine kitu. Kilichovunja nyumba yetu hakikupita kabatini hata siku moja. Kiliingia kwa sanduku la posta.

Kwa hiyo naomba, kupitia gazeti lako tukufu, wabunge wetu watunge sheria ifuatayo. Kwanza, chama chochote cha kutetea bunduki kichunguzwe mwenendo wake kabla hakijakabidhiwa babu. Pili, mtu akishajiunga asubiri kidogo kabla ya kulizungumzia jambo hilo mezani, hasira zipoe. Tatu, vipeperushi vifungiwe kabatini, na kahawa iwekwe mbali navyo, kwa maana vikikutana vinalipuka. Nne, ni marufuku kubeba chama kilichojazwa maneno ndani ya pikapu yenye abiria. Tano, kila nyumba iruhusiwe chama kimoja tu. Na kama nyumba ina viwili, kimoja kisalimishwe kwa mkuu wa polisi wa kaunti, bila kuulizwa maswali.

Najua Babu na Baba watasema hizo ndizo sheria za bunduki wanazozipinga, neno kwa neno. Ndiyo maana naamini wataelewa uzito wake.

5. Hili nilitaka kulificha, lakini kalamu imeshachangamka. Chanzo cha ugomvi si katiba. Chanzo ni shati.

Kambini kwetu, kama kambi zote za milima hii, mtu akimlenga kulungu akamkosa hukatwa pindo la nyuma la shati lake, likapigiliwa msumari ukutani na jina lake chini. Msimu uliopita Baba alimkosa dume mkubwa aliyesimama wazi kama ng'ombe wa maonyesho. Babu akamkata pindo kwa furaha, akalipigilia, na chini yake, mahali pa jina, akabandika stika ya Hakuna Hata Inchi. Kambi nzima ilicheka. Baba akasema darubini ya bunduki ilikuwa imepinda. Asubuhi, pindo halikuwepo ukutani. Kung'oa pindo ukutani, Ndugu Mhariri, ni kama kung'oa msalaba kanisani. Babu alishuka mlimani peke yake.

Tangu hapo, kila Baba akisema "Shirikisho limetusaliti," nasikia "mzee, ulinicheka mbele ya watu." Na kila Babu akisema "hao hawana nidhamu," nasikia "mwanangu, ulinifedhehesha kambini." Lakini mimi nani wa kutafsiri? Lugha zangu ni mbili tu, na hiyo ni ya tatu.

Basi naomba uchapishe barua hii kabla ya Jumamosi ya ufunguzi wa msimu wa kuwinda. Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti, yule mama wa matangazo ya vifo, wazima moto wanaoandaa bahati nasibu ya kushindania bunduki, Bwana Kreamer na chama chake chote, na kulungu yeyote asomaye.

Wako katika kunyamaza,
Leocadia Zerbe

N.B. Niliacha barua hii mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi, Baba alikuwa anaisoma kwa sauti, na Babu, aliyekuja kuchukua sufuria ya Bibi, alikuwa nyuma ya bega lake. "Chama kimoja kila nyumba!" alifoka Babu. "Dwight, umesikia mtoto huyu?" Baba akajibu, "Nimesikia, mzee. Na kusubiri hasira zipoe!" Walikuwa wanasemezana. Wameketi jikoni tangu hapo wakiandika jibu la kunipinga, na kwa kuwa hawajui kupanga aya, wameniajiri niwe katibu. Jibu hilo nimelitia humu humu bahashani. Nimeliandika vizuri mno. Linanishinda kila hoja. Kisha wakaamua kwamba barua yangu imekosa shabaha, kwa hiyo Babu akashika shati langu na Baba akashika mkasi. Pindo langu litapigiliwa kambini Jumamosi, kando ya la Baba, ambalo amelitoa mwenyewe kwenye sanduku la zana na kumkabidhi Babu. Tafadhali, usiichapishe sheria yangu. Ila ukiweza, chapisha kwamba natafuta shati.