Mwajiri wa Kukodi

Rabson aliingia ofisi ya kata, mojawapo ya zile za Mbeya ambazo ukizitaja unaletewa mgambo, kutafuta muhuri wa mambo yake madogo. Akatoka na kampuni.

Ilikuwa hivi. Mbele yake kwenye foleni alisimama mtu mnene, shati limenyooshwa mpaka kola, amekumbatia bahasha kama aliyebeba mayai. Dirishani alikaa Mtendaji wa Kata mwenyewe, mama Anjela, ambaye Mungu alimpa sauti ya mkutano wa hadhara akasahau kumpa ya ndani ya nyumba.

"Wewe ndiye unayeomba kumiliki bastola?"

Benchi zima likageuka. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.

"Taratibu, mama," yule mtu akanong'ona. "Juu hapo pameandikwa SIRI."

"Nimepaona. Faili ndilo siri, mimi nakuuliza wewe. Hapa kwenye mwajiri umeacha wazi. Mwajiri wako nani? Sema kwa sauti!"

"Ni lazima?"

"Lazima. Tunampigia simu atueleze tabia zako."

Yule mtu akaivuta bahasha yake polepole, akasema amesahau miwani nyumbani, akatoka. Hakuwa na hata alama ya miwani puani.

Tusiionee serikali yetu, kutunza siri inajua. Mishahara ya wakubwa hujaijua mpaka leo. Ila jina la bosi wako, kipimo chako cha hospitali, na sababu iliyomtoa mkeo nyumbani, hayo husomwa dirishani, tena kwa kurudia.

Rabson akaacha muhuri, akaacha foleni, akamfuata mtu wake mpaka kibanda cha chai. Pua yake ilikuwa imenusa. Mtu anayetaka silaha ana hela. Mtu anayetaka silaha na anamwogopa bosi wake ana hela isiyo na maelezo. Hela ya namna hiyo, kwa Rabson, ilikuwa yatima, na yeye alipenda sana kulea yatima.

"Pole, mnyalukolo," akasema, maana lafudhi ya Iringa haijifichi hata ukiivalisha suti. "Wewe huogopi majambazi. Unamwogopa bosi."

Mtu akapaliwa na chai. Jina lake Vitus, kwao Kalenga. Miaka kumi alikuwa msimamizi wa mashine ya mpunga ya Bwana Ambokile kule Mbalizi, na katika miaka hiyo debe moja moja lilikuwa likipotea njia na kuishia kwake. Sasa ana nyumba mbili na kuku wa kizungu. Wezi wamemvunjia mara mbili, asiende kuripoti, maana polisi wangemuuliza mali ilitoka wapi kabla ya kuuliza ilikwenda wapi.

"Ambokile akipigiwa simu nimekwisha," Vitus alisema. "Atauliza, huyu mshahara ninaompa haununui hata manati, bastola ameitoa wapi?"

"Lakini bosi wako si jambo lako binafsi? Wanalitakia nini jina lake?"

"Ndo nashangaa na mimi, kaka."

"Basi sikiliza. Pale wanataka jina la mwajiri. Mimi nitakupa la kwangu."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kampuni ya Tumaini Jema, Mazao na Mambo Mengine. Makao makuu yalikuwa chumba cha Rabson, mtaa wa Soweto. Mkurugenzi alikuwa Rabson. Masijala, mapokezi na rasilimali watu, vyote alikuwa Happy, dada muuza vocha wa kibanda cha jirani, aliyelipwa kwa kila simu. Barua ya utambulisho Rabson aliitunga mwenyewe, na kwa kuwa uongo hauna ushuru, akaumwaga: kampuni ina Fuso tatu, Kosta moja ya wafanyakazi, na inawajali watumishi wake "katika raha na misiba."

Neno hilo la mwisho aliliongeza kwa utamu tu. Laiti angejua, angelitafuna karatasi.

Mama Anjela alipopiga simu, Happy alimwacha asubiri kidogo, kama kampuni za kweli zinavyofanya, kisha akampa Mkurugenzi. Mkurugenzi akamsifu Vitus mpaka mwenyewe akatamani kumpandisha cheo. Habari ikatambaa kwa wanaohitaji. Haukupita muda, Tumaini Jema ikawa na wafanyakazi wanne, wote wanene, wote na mafaili palepale kwa Anjela, wote waoga wa mabosi wao wa kweli. Rabson akanunua sofa na luninga ya ukutani.

Kisha mama yake Vitus, aliyeletwa Mbeya kwa matibabu, akafariki.

Simu ikalia. Happy akasikiliza, akageuka, uso umekauka. "Mkurugenzi, ni Mtendaji. Safari hii hasubiri."

"Mkurugenzi," ikanguruma sauti ya Anjela, "mfanyakazi wenu amefiwa na mama mzazi. Anapelekwa Kalenga. Mmejipangaje?"

"Aaa... tumepokea kwa masikitiko. Kampuni itatoa soda."

"Soda? Kampuni yenye Kosta? Ninayo barua yenu hapa, inasema raha na misiba. Sasa huu ndio msiba. Mimi na kamati yangu tunakuja kumsindikiza, mtatupitia ofisini. Au hiyo Kosta haipo, nije nione vizuri na hizo Fuso?"

"Ipo, mama. Inaoshwa."

Rabson akakaa kwenye sofa, akaiaga. Akikataa, Anjela atachimba. Akichimba, mafaili manne yatafunguka, na mlango wa gereza utafunguka nayo. Sofa ikaenda. Luninga ikaenda. Pikipiki yake, ambayo aliipenda kuliko ndugu zake, ikaenda. Kwa hela hiyo ikakodiwa Kosta, likapatikana jeneza la vioo, na shada la maua kubwa kama tairi la trekta, limeandikwa jina la kampuni isiyokuwepo.

Kwa hilo shada Rabson hakukosea. Waajiri wa nchi hii njia ya hospitali hawaijui, ya makaburini wanaiendea kwa macho yaliyofumbwa. Ukiumwa nyumbani mwako, hakuna mkubwa anayekanyaga. Ukifa, wanakuja na maua mapana kuliko kitanda ulichougulia, wanapigwa picha, wanauliza chakula kiko wapi.

Kosta ikafika Kalenga imejaa, kamati ya kata ikiimba kwa bidii ya watu wasiolipa nauli. Watu wakatoka majumbani kuangalia. "Kamwene, kamwene! Vitus ana kazi ya maana jamani," wakasalimu na kusema. Vitus mwenyewe alikuwa akilia kwa mambo mawili. Moja mama yake. La pili, pikapu nyeupe iliyoegeshwa kando ya uwanja. Bwana Ambokile alikuwa amekuja pia. Ungemficha vipi bosi kifo cha mama?

Ibada ikaisha. Mshereheshaji akakohoa. "Sasa tunapokea salamu kutoka kwa mwajiri wa Vitus."

Wakasimama watu wawili.

Mshereheshaji akamtazama huyu, akamtazama yule. "Wazee, mwajiri ni kama mume kanisani. Tunamtambua mmoja."

Vitus akauficha uso ndani ya viganja vyake. Mama Anjela akavaa miwani, na yeye alikuwa nayo ya kweli. Rabson akajua Mbalizi imefika Kalenga, na kwamba neno moja la yule mzee linawapeleka yeye na Vitus ndani.

Ambokile hakuwa mtu wa haraka. Aliitazama Kosta. Akalitazama jeneza la vioo. Akalitazama shada, akasoma maandishi yake polepole. Kisha mkono wake, uliokuwa umeshika bahasha ya rambirambi, ukarudi mfukoni peke yake, kama panya anayerudi shimoni.

"Ndugu zangu, kuna kukosea kidogo," alisema kwa upole mkubwa. "Mimi ni jirani tu. Huyu kijana alikuwa akipita pale mashineni, nampa kibarua anasaidia. Mwajiri wake ndiye huyu bwana. Ndaga fijo, asante sana, Mkurugenzi, umetufundisha utu."

Akaketi.

Hesabu ya mwenye mashine ni nyepesi. Miaka kumi ya Vitus, likizo asizopewa, akiba ya uzeeni asiyowekewa, kiinua mgongo ambacho kingedaiwa siku moja, yote yakafukiwa kwenye kaburi la mama wa watu, bila gharama hata ya koleo. Vitus akafungua mdomo. Akamwona Anjela. Akaufunga. Angesema nini? Kwamba jina alilojaza ni la uongo? Na Rabson angekana vipi, shada likiwa mbele ya watu? Mdanganyifu mdogo alikuja na Kosta. Mkubwa akaondoka na bahasha yake.

Mzee Silvester, baba mdogo wa Vitus, akamshika Rabson mkono mbele ya ukoo. "Mkurugenzi, umetuzikia mama. Kuanzia leo huyu ni mwanao. Akilala njaa, tutakuja kukuuliza." Wakampa kuku jogoo na dumu la pombe ya ulanzi. Jogoo huyo na dumu hilo ndiyo faida pekee aliyorudi nayo.

Njiani mama Anjela akamgonga begani. "Mwajiri anayezika namna hii, mfanyakazi wake hawezi kuwa mtu mbaya. Faili la Vitus nitalisukuma mwenyewe." Akasinzia, ameridhika na upelelezi wake.

Faili likapita ngazi zote likipigwa mihuri.

Jumatatu moja asubuhi mlango wa Rabson uligongwa. Alikuwa Vitus, shati limenyooshwa, kitu kizito kimevimba chini yake upande wa kiuno.

"Kamwene, Bosi. Ambokile ameniambia niende kwa mwajiri wangu. Kuku wa kizungu nao wamekufa kwa kideri. Naanzia wapi?"

"Vitus, ndugu yangu, unajua vizuri hii kampuni haipo."

"Ipo, Bosi." Vitus akavuta kigoda, akaketi, akalisogeza lile jambo la kiunoni lisimbane. "Imemzika mama yangu. Mshahara huwa tarehe ngapi?"

Happy akacheka mpaka akaangusha vocha. Rabson akamtazama mfanyakazi wake, akatazama kile kiuno, akawaza na ukoo mzima wa Kalenga ukishuka stendi kuja kuuliza kama mwanawe amekula. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Akatoka kwenda kutafuta kazi.

Alizunguka mpaka Mbalizi. Huko alisikia kuna mashine ya mpunga imepungukiwa na mtu, wanataka wa kubeba magunia. Akakuta mzee ameketi mlangoni na kikombe cha chai, pikapu nyeupe ubavuni.

Ambokile akamwangalia kutoka kichwani hadi viatuni, akatabasamu.

"Karibu, kijana. Kabla sijakupa gunia nitataka kujua tabia zako. Mwajiri wako wa mwisho nani?" Akaweka mkono sikioni. "Sema kwa sauti."